Kiswahili cha Kumpakata Mtoto: Uhakiki wa Vitabu vya Picha na Vijitabu vya Dini

Katika safu hii ya uhakiki tumezoea kuzungumzia riwaya, tamthilia na diwani, hasa zile zinazotahiniwa. Mara hii tumechagua vitabu vidogo ambavyo havimo katika silabasi yetu: vitabu vya picha vya watoto, na vijitabu vya dini vinavyoandikiwa watoto haohao. Ni vitabu vya kurasa chache, vingi vikiwa vimebanwa kwa pini mbili mgongoni. Wanaovitoa ni wachapishaji wadogo: miradi isiyo ya kibiashara, nyumba za watawa, jumuiya za misikiti, na wakati mwingine mtu mmoja mwenye kompyuta na rafiki anayejua kuchora. Wahakiki huvipita bila kuviangalia kwa sababu havina mhusika duara wa kuandikiwa insha wala jazanda ya kufumbuliwa ukumbini.

Sisi tunaona kwamba kwa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda vitabu hivi vina uzito mkubwa kuliko riwaya nyingi tulizozihakiki hapa. Tunavipima kwa swali moja tu: je, mtu mzima aliyempakata mtoto anaweza kumsomea kitabu hiki kwa sauti, na mtoto akataka kirudiwe?

Kwa nini tunauliza hivyo

Kwa jirani zetu wa Tanzania na wa pwani ya Kenya, Kiswahili ni lugha ambayo watoto wengi hubembelezewa. Kwetu hali ni nyingine. Watu wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kwanza kambini, katika kituo cha polisi au sokoni. Ilikuwa lugha ya kuamrisha na ya kupatana bei. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Amri ile ilikipa cheo lakini haikukipa mapenzi, na wengi walioishi miaka ile waliwarithisha watoto wao woga waliokuwa nao.

Tangu hapo mengi yamebadilika katika sheria. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo yote tunayapokea kwa furaha. Hata hivyo, sheria humwingiza mtoto darasani tu. Haimfanyi aipende lugha. Mtoto huipenda lugha aliyoambiwa maneno mazuri ndani yake. Kwa watoto wetu wengi hakuna bibi wa kuwasimulia hadithi kwa Kiswahili, kwa hiyo kazi ya bibi huyo imeangukia vitabu vidogo.

Tusidhani kwamba vitabu vya watoto na vitabu vya dini ni mambo mawili yasiyohusiana. Katika historia ya lugha yetu vimekaa pamoja kwa muda mrefu. Mwana Kupona binti Mshamu, bibi wa Pate, alipotunga utenzi wake mnamo mwaka 1858, alimwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi ili ampe nasaha za dini na za dunia. Ile ni sauti ya mama mgonjwa akizungumza na mwanawe. Hapa Uganda nako kusoma kwa maandishi ya Kilatini kulianza na vitabu vya dini. Alexander Mackay, mmishenari aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia. Masomo yake ya mwanzo yaliegemea maandiko ya Kiswahili yaliyotoka Unguja, kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake, kabla maandiko ya Luganda hayajapatikana. Ndiyo maana hadi leo kitenzi cha Luganda okusoma hutumika kwa maana ya kusoma na pia kwa maana ya kwenda kusali. Mwanafunzi wetu anayetoka Buganda tayari anajua, kwa lugha ya mama yake, kwamba kitabu na ibada vilikuja kwa njia moja.

Simbegwire na shangazi yake

Tuanze na kitabu cha picha kinachotugusa kwa karibu. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Johannesburg, ulifungua maktaba yake ya mtandaoni mwaka 2014. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi nne za mwanzo, pamoja na Kenya, Lesotho na Afrika Kusini. Hadithi zake hutolewa kwa leseni huria: mwalimu anaweza kuzisoma, kuzichapisha, kuzitafsiri, hata kutengeneza toleo lake mwenyewe, mradi awataje wenye kazi. Miongoni mwa hadithi zilizopata njia ya kuingia katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, ni Simbegwire, iliyoandikwa na Rukia Nantale na kuchorwa na Benjamin Mitchley. Jina la Nantale peke yake linamwambia msomaji wa Kampala kwamba hadithi hii haikutoka mbali.

Simbegwire ni msichana aliyefiwa na mama. Baba yake anajitahidi kumlea, kisha analeta nyumbani mke mwingine, Anita. Baba akisafiri kikazi, Anita anamlemeza mtoto kwa kazi na ukali. Kitulizo pekee cha Simbegwire ni blanketi aliloachiwa na mama yake. Siku moja anachukua chakula kidogo na blanketi lile, anatoroka. Anapanda mti mrefu karibu na kijito, analala juu yake huku akimwimbia mama aliyemwacha. Asubuhi wanawake wanaofua nguo kijitoni wanausikia wimbo, wanadhani ni upepo tu katika majani. Mmoja wao anatega sikio, anainua macho, anamtambua: ni mtoto wa kaka yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kuizidi lugha ambayo hadithi hii imesambaa nayo zaidi. Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba na dada wa mama, kwa hiyo maelezo ya undugu lazima yatoke katika kilio cha mwanamke yule. Kiswahili kinasema shangazi, na mambo yamekwisha. Kwa mtoto wa Uganda neno hilo linaamsha jingine, ssenga, ambaye katika desturi za Buganda ndiye mwenye dhamana ya kumfunda binti wa kaka yake. Kwa hiyo si kwa bahati kwamba aliyesikiliza ni yeye. Mwalimu anayetaka kufundisha istilahi za ujamaa hahitaji jedwali ubaoni. Awaulize wanafunzi: kama mwanamke yule angekuwa dada wa mama, Simbegwire angemwitaje? Je, hadithi ingebadilika?

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni namna kinavyomheshimu mtoto. Simbegwire hapigwi wala hakaripiwi kwa kutoroka. Baba anapomfuata kwa shangazi, mtoto anajificha akidhani atagombwa. Badala yake baba anamwambia kwamba amejipatia mama anayemwelewa, na wanakubaliana abaki pale kwa muda anaoutaka mwenyewe. Anita naye hageuki kuwa zimwi. Anakuja, anakiri kosa, anaomba nafasi ya kujaribu tena. Mwisho wake haufungwi kwa haraka: Simbegwire anaamua kwamba atarudi nyumbani hivi karibuni, lakini hadithi inakwisha kabla hajarudi. Mtoto msomaji anaachiwa kazi ya kukamilisha. Katika fasihi yetu, ambamo mama wa kambo amekuwa mtu wa kulaaniwa tangu ngano za kale, hilo ni jambo jipya. Katika madarasa yetu wapo watoto wengi wanaolelewa na mashangazi, na kwao jambo hilo ni la maisha yao wenyewe.

Penye tafsiri pana mashaka

Tukitoka katika hadithi na kuingia katika lugha, tunapaswa kuwa wakali kidogo. Vitabu vingi vya picha vinavyotufikia kwa Kiswahili vimepitia Kiingereza, na mara nyingi Kiingereza kinachungulia dirishani. Kosa si la msamiati, kwa maana maneno yote ni ya Kiswahili. Tatizo ni mwendo wa sentensi. Ili tusimwonee mfasiri yeyote, tutatunga mfano wetu wenyewe: "Wakati msichana alimwona baba yake, yeye alikuwa na hofu sana." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika hivyo, na mtihani ungempa alama. Lakini anayempakata mtoto angesema: "Alipomwona baba yake, moyo ukamwenda mbio." Sentensi ya pili inatumia -po-, inaachana na kiwakilishi kisicho na kazi, na inampa mtoto kitu cha kusikia mwilini.

Tuliona mambo matatu ambayo mfasiri wa vitabu vya watoto anapaswa kuyachunga kuliko mengine. La kwanza ni ka- ya masimulizi. Kiswahili kina kiambishi kinachoyasukuma matukio mbele, akaamka, akatazama, akashuka, na mtoto hulala au hukesha kwa mdundo huo. Tafsiri zinazorudiarudia li- katika kila kitenzi huigeuza hadithi kuwa taarifa ya polisi, na tumekwisha kusema kwamba kituo cha polisi ndicho mahali ambapo Kiswahili chetu kinapaswa kutoka.

La pili ni tanakali za sauti. Kitu kikianguka majini huanguka chubwi. Kimya kikiwa kikubwa ni kimya jii. Giza likiwa nene ni giza totoro. Kitabu cha picha kisicho na maneno ya namna hii kimemnyima mtoto peremende. Lugha za mama za wanafunzi wetu zina utajiri mkubwa wa tanakali, na mtoto anayekutana nazo katika Kiswahili hukiona kuwa ndugu wa lugha ya nyumbani kwao.

La tatu ni maneno ya huruma. Chukua pale Anita anapoomba radhi. Neno moja la Kiingereza hutumika kwa mtu aliyekosa na kwa mtu anayempa mwenzake pole. Kiswahili kinatenganisha. Mfasiri akiandika "Pole sana, mtoto," Anita atakuwa amemhurumia Simbegwire kwa mabaya yaliyompata, kana kwamba yaliletwa na mvua. Akiandika "Nisamehe, mwanangu, nilikukosea," Anita amebeba mzigo wake, na kwa neno mwanangu ameanza kuwa mama. Tofauti ya maneno mawili matatu inaamua iwapo hadithi nzima ina toba au haina. Wanafunzi wetu wa tafsiri wanaotafuta mifano ya usawe wasiende mbali.

Jambo jingine linahusu uchaguzi wa lahaja na mazoea ya nchi. Neno la bibi ni mfano mzuri. Watanzania husema bibi, Wakenya wengi husema nyanya, na darasani kwetu mtoto anayejua nyanya za mchuzi tu huangua kicheko. Hatusemi toleo moja lifutwe. Tunasema mwalimu achague neno moja, alishike mpaka mwisho wa kitabu, kisha awaeleze watoto kwamba jirani zao husema vingine. Kicheko kile kikitumiwa vizuri ni somo zima la lahaja.

Mti wenye jina

Si vitabu vyote vya picha vilivyo dhaifu kwa upande wa michoro kwa sababu tu mchapishaji ni mdogo. Kazi za John Kilaka wa Tanzania zinatosha kuwa kipimo. Kilaka anachora kwa mtindo wa Tinga Tinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960: rangi kamili zisizochanganywa, mistari iliyo wazi, na uwanja uliojaa kila pembe. Wanyama wake husimama kwa miguu miwili na kuvaa nguo za watu. Mtoto anayekaa na ukurasa mmoja wa Kilaka ana mengi ya kuyataja kwa jina kabla hajasoma hata neno moja, na kwa mwanafunzi wa lugha ya pili hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza kwa jina la The Amazing Tree, njaa imeingia nchini na uko mti mmoja tu wenye matunda yaliyoiva, lakini matunda hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Anayelijua jina ni Kobe. Wanyama wakubwa wanatumwa kwa Kobe, wanaambiwa jina, na njiani wanalisahau. Anayefanikiwa kulileta ni mnyama mdogo ambaye wakubwa hawakumtegemea. Ngano ya aina hii inajulikana sehemu nyingi za Afrika, na walimu wa lugha wanapaswa kuipenda kuliko wote, kwa maana ni ngano inayohusu kutamka. Neno likitamkwa vibaya, watu wanalala na njaa. Darasa zima linaweza kulirudia jina lile gumu mpaka kila mtoto alipate, na hakuna atakayejua kwamba amefanya zoezi la matamshi.

Ngano hii inatufikisha pia katika vijitabu vya dini, kwa kuwa ndani yake limo wazo ambalo dini zote zinalijua: kwamba liko jina ambalo likiitwa kwa moyo mnyofu hufungua kilichofungwa, na kwamba mara nyingi anayelikumbuka ni mdogo.

Yona, Yunus na ukurasa wa mwisho

Vijitabu vya dini vya watoto vina historia yake. Mitambo ya Wabenediktini ya Ndanda na Peramiho, kusini mwa Tanzania, na watawa wa Paulines jijini Nairobi, wamewahi kutoa maandishi mengi ya Kiswahili ya kusomwa nyumbani na kanisani. Upande wa Waislamu, tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka Nairobi mwaka 1969, imelea kizazi kizima cha waandishi wa vitabu vidogo vya madrasa. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha vijitabu hivi kwa kawaida ni kizuri kuliko cha vitabu vya picha vilivyofasiriwa. Kina uzito, kinasomeka kwa sauti, na maneno kama rehema, malaika, dhambi, toba na sala ni mali ya Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Mtoto wa Iganga anayesoma madrasa na mtoto wa Masaka anayesoma katekisimu wanaweza kukaa dawati moja wakaelewana.

Tumechagua kisa kimoja kinachopatikana pande zote mbili ili tuone kinavyosimuliwa: kisa cha Yona, ambaye Waislamu humwita Nabii Yunus. Ni kisa cha mtu anayetoroka. Anaitwa, anakimbia, anapanda chombo, bahari inachafuka, anatupwa majini na kumezwa na samaki. Tukikilinganisha na Simbegwire tunaona ndugu wawili: mmoja ametorokea juu ya mti, mwingine ametorokea baharini, mmoja anaimba, mwingine anaomba, wote wawili wanasikiwa. Mtoto anajua kutoroka ni nini. Ndiyo maana kisa hiki hakichoshi.

Lakini vijitabu vingi vya Kikristo vinavyokisimulia kwa watoto hukikata katikati. Samaki akishamtema Yona ufukweni, Yona huenda Ninawi, watu hutubu, na ukurasa wa mwisho hutoa amri: tuwe watiifu. Kitabu chenyewe katika Biblia hakiishii hapo. Yona anakasirika kwa kuwa watu wamesamehewa. Anakaa nje ya mji akinung'unika, mmea unaota kumpa kivuli, kisha unakauka, naye anakasirika zaidi. Halafu Mungu anamuuliza kama haimpasi Yeye kuuhurumia mji mkubwa wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Kitabu kinakwisha kwa swali hilo, na jibu la Yona hatulisikii kamwe. Ni mojawapo ya miisho ya ajabu kabisa katika maandiko, na kwa mtoto ni zawadi: hapa kuna mtu mzima, tena nabii, aliyenuna, na Mungu hakumpiga, alimuuliza. Kuuondoa mwisho huo na kuweka amri mahali pake ni hasara kwa dini na hasara kwa fasihi.

Katika masimulizi ya Kiislamu msisitizo uko kwingine. Kiini chake ni dua ya Yunus akiwa katika giza, na rehema inayomfuata: anatupwa ufukweni akiwa mgonjwa, na mmea unaoteshwa umfunike. Qurani inataja kwamba alitumwa kwa watu 100,000 au zaidi. Vijitabu vinavyoifuata njia hii huwa na upole ambao tunausifu. Tena vina sharti moja linalowafaa wachoraji wote kulitafakari: nabii hachorwi. Mchoraji asiye na ujuzi huliona sharti hili kuwa kizuizi, akachora meli na mawimbi basi. Mchoraji stadi hulifanya mlango. Asiyeweza kumwonyesha nabii anaweza kuonyesha alichokiona nabii. Ukurasa wa tumbo la samaki unaweza kuwa mweusi wote, na dua ikaandikwa kwa herufi nyeupe ndogo katikati. Mtoto atakuwa ndani ya giza lile pamoja naye, badala ya kumtazama kwa mbali.

Kinyume chake, vijitabu vingi vya Kikristo vinaazima michoro kutoka nje. Manabii wana mashavu mekundu, bahari ni ya nchi za baridi, na sahani mezani si zetu. Michoro hiyo haina kosa kule ilikochorwa, lakini hapa inamfundisha mtoto kwamba mambo ya Mungu yalitokea kwa watu wengine. Kuhusu samaki nako kuna la kusema. Kitabu kimoja husema samaki mkubwa, kingine nyangumi. Mtoto wa Jinja hajaona nyangumi. Anamjua sangara na kambare. Hatutaki Yona amezwe na sangara, lakini tunaona kwamba "samaki mkubwa" linamwachia mtoto nafasi ya kumkuza samaki wake mwenyewe kichwani, na ndilo neno linalotumika katika kitabu cha Yona chenyewe.

Tunachokipendekeza

Tukivijumlisha vitabu vya pande zote mbili tunaona kwamba kila upande una kile ambacho mwingine umekikosa. Vitabu vya picha vya miradi huria vinamwamini mtoto na kumwachia mwisho, lakini Kiswahili chake mara nyingi ni chembamba. Vijitabu vya dini vina Kiswahili kilichoiva, lakini vinamnyang'anya mtoto ukurasa wa mwisho. Laiti waandishi wa pande hizi wangekaa meza moja kwa wiki moja tu.

Kwa walimu tunapendekeza kipimo chepesi: kabla kitabu hakijaingia darasani, kisomwe kwa sauti mara mbili. Ulimi ukijikwaa mahali palepale mara zote mbili, sentensi hiyo haikuandikwa na mtu anayezungumza, na leseni ikiruhusu irekebishwe kwa kalamu ya risasi bila woga.

Kwa wanafunzi wetu wa tafsiri tunapendekeza zoezi la muhula. Leseni ya African Storybook inaruhusu toleo jipya, kwa hiyo hakuna haja ya kulalamikia tafsiri isiyoridhisha. Itafsiriwe upya hapa, na wanafunzi wanaozungumza Luganda, Lusoga, Ateso, Acholi na Runyankole, kisha isomwe mbele ya watoto wa shule ya jirani. Wao ndio watakaotoa alama.

Kwa wachapishaji wadogo wa dini zote tunaomba jambo moja ambalo halina gharama: ukurasa wa mwisho uachiwe swali. Mtoto aliyeulizwa swali kwa Kiswahili atalazimika kulijibu kwa Kiswahili, na hapo ndipo lugha huanza kuwa yake. Miaka mingi watu wa nchi hii waliamrishwa kwa lugha hii. Sasa watoto wao waulizwe kwa lugha hiyohiyo, tena kwa sauti ya chini, wakiwa wamepakatwa.

Wasomaji wetu wenye vitabu vya aina hii, vya lugha yoyote ya nchi yetu vinavyofaa kutafsiriwa, wanakaribishwa kuvileta idarani. Tutavisoma kwa sauti.